Wenyeji wa Msimu wa Kaskazi

Kuanzia Agosti hadi mwishoni mwa Aprili, fuo na matope ya pwani ya Afrika Mashariki hupokea ndege waliozaliwa mbali: tundra ya Siberia, nyika za Asia ya Kati, misitu ya Urusi na Skandinavia. Kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo, huko kwao ni majira ya baridi. Ardhi imeganda, wadudu wamekufa au wamejificha, na mchana wa tundra umefupika hadi kutoweka. Kwetu ni vuli, kisha kaskazi, kisha mwanzo wa masika. Vitabu vingi vya ndege huwataja hawa kuwa ndege wa Ulaya na Asia wanaokuja Afrika kukimbia baridi, na sisi wenyewe tumezoea kusema hivyo hivyo: ni wageni, wamo njiani, wana kwao. Sura hii inashikilia kwamba usemi huo una kasoro kubwa. Ukipima muda wanaokaa, chakula wanachokula, na mambo yanayoamua nani atakufa na nani atapona, ndege hawa ni wa pwani hii sawasawa na walivyo wa kaskazini. Kwa hiyo kazi ya kuwatazama, kuwatambua na kuwahesabu inatuhusu sisi, na miezi ya kaskazi ndiyo miezi yake.

Tuanze na kalenda. Mchukue kitwitwi ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea, ndege wa gramu 60 hivi, mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Huonekana Mida, Sabaki, Dar es Salaam na katika delta ya Rufiji. Huzaliana katika tundra ya Siberia, ikiwemo rasi ya Taimyr, na hufika huko mnamo Juni theluji inapoyeyuka. Dume halei watoto. Akishapandana huanza kuondoka mapema mwezi Julai, na jike huondoka baadaye, makinda yanapoweza kujitegemea. Ikifika Agosti wa kwanza wao huwa wameshatua kwetu, baadhi bado wakiwa na rangi ya kutu vifuani waliyoivaa kwa ajili ya uzazi. Hukaa hadi Aprili. Kwa hesabu hiyo dume huishi tundra mwezi mmoja au zaidi kidogo, na miezi mingine yote huigawa kati ya safari na fuo za kusini, sehemu kubwa ikiwa ya kusini. Mtoto wake hukaa zaidi. Aliyezaliwa Julai hutufikia mnamo Oktoba, na Aprili wakubwa wanapoondoka, wengi wa hawa wachanga hubaki, kwa kuwa bado hawajakomaa kuzaa na safari ya kuvuka mabara haina faida kwao. Hupitisha masika na kusi yote kwenye matope yaleyale wakiwa na manyoya ya kijivu, na huenda kaskazini mwaka unaofuata. Ndege kama huyo anapotaga yai lake la kwanza, sehemu kubwa zaidi ya uhai wake ameshaimaliza Afrika.

Shahidi wa pili ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wenye nguvu ya kuvunja gamba. Ni spishi pekee katika familia yake, na idadi yake duniani hukadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000. Huzaliana kuanzia Aprili hadi Agosti katika fuo na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Tofauti na ndege wengine wa tope, yeye huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kisha hushuka kusini kufuata fuo za Kenya, Tanzania na Madagaska, na hori la Mida karibu na Watamu hupokea mamia yao kila msimu. Lenye uzito katika maisha yake ni hili: mzazi huendelea kumlisha mtoto hata baada ya wote wawili kumaliza safari ya kuhama, jambo la nadra sana kwa ndege wa jamii hizi. Malezi yanayoanzia shimoni Arabuni humalizikia kwenye tope la kusini. Pwani ambapo mtoto hulishwa hadi ajitegemee haiwezi kuitwa kituo cha kupumzikia.

Kinachowaleta wote hawa ni chakula, na chakula chao hutegemea kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika pwani hii hukaribia mita 4. Mahali penye mteremko mdogo, kama Mida au mafungu ya Rufiji, tofauti hiyo hufichua uwanja mpana wa tope mara mbili kwa siku, na ndani ya tope wamo minyoo, kaa wadogo, konokono na viumbe wa magamba. Kila ndege ana mdomo wa kazi yake. Vitwitwi wadogo hudonoa juu juu; wenye midomo ya wastani hutoboa tope kutafuta minyoo; sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, huingiza mdomo wote katika shimo la kaa. Ndiyo maana spishi nyingi huweza kula uwanja mmoja bila kunyang'anyana. Maji yakijaa, wote husogea kwenye fungu au ukingo wa mikoko uliobaki mkavu na kusongamana hapo wakisubiri. Mahali hapo pa kusubiri huwa padogo kuliko uwanja wa kulia, na pakiharibiwa, uwanja mzima hupoteza ndege wake hata kama tope halijaguswa.

Ikifika Machi, kula huwa jambo la kufa na kupona. Kitwitwi wa gramu 60 huweza kupita gramu 80 kabla ya kuondoka, na nyongeza hiyo ni mafuta ya kumvusha jangwa, milima na nyika. Akiondoka amekonda, hafiki, au hufika amechelewa katika nchi ambayo kiangazi chake ni majuma machache. Uzazi wa Siberia, basi, huanza kuandaliwa hapa, kwa minyoo na kaa wa matope yetu, wiki kadhaa kabla ya theluji ya huko kuyeyuka. Mtu anayewatimua ndege hao mara kwa mara mwezi Machi, kwa mbwa, kwa boti au kwa kuwasogelea mno na kamera, hupunguza mayai katika nchi ambayo hataiona kamwe.

Yapo pia maarifa ambayo hupatikana upande wa kusini tu. Miaka ya 1980, watafiti waliokuwa wakichunguza Calidris ferruginea, yule kitwitwi wa rangi ya kutu, huko Afrika Kusini, wakiwemo wa hori la Langebaan, waliona kwamba sehemu ya ndege wachanga hupanda na kushuka kwa mtindo unaojirudia: mwaka fulani wachanga ni wengi, mwaka mwingine karibu hawaonekani. Les Underhill na Ron Summers walionyesha kwamba mtindo huo unafuatana na wingi wa lemingi, panya wadogo wa tundra. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa aktiki hushiba kwao na kuyaacha mayai ya ndege. Lemingi wakipungua, mbweha hugeukia viota na mwaka huo makinda huwa haba. Taimyr ni nchi ngumu kufikika na kubwa mno kukaguliwa kwa miguu. Lakini mtu aliyesimama ufukweni Afrika mwezi Novemba, akitenganisha wachanga na wakubwa kwa kuangalia manyoya ya mgongo, aliweza kujua mambo ya tundra iliyo upande wa pili wa dunia. Kazi hiyo ilihitaji darubini, daftari na uvumilivu wa miaka.

Kuna ushahidi mwingine, wa huzuni. Sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, alizaliana Siberia na kupitisha majira ya baridi katika nchi za Mediterania. Viota vyake vilivyothibitishwa vilipatikana katika eneo la Omsk mwanzoni mwa karne ya 20, kisha havikupatikana tena. Tangu hapo karibu yote yaliyojulikana juu yake yalitoka mahali alipopitia na alipopitishia baridi. Mara ya mwisho kuonekana bila shaka yoyote ilikuwa Februari 1995, katika hori la Merja Zerga nchini Morocco, na mwaka 2024 uchambuzi wa kisayansi ulihitimisha kwamba ametoweka. Waliomwona wa mwisho walikuwa watazamaji wa ndege wa majira ya baridi. Kama wangekuwepo wengi zaidi, na mapema zaidi, katika fuo nyingi zaidi, kupungua kwake kungejulikana wakati ambapo bado kulikuwa na wa kuokoa.

Hoja hii haiishii ufukweni, kwa kuwa ndege wa msimu huu hawaishii hapo. Nyuma ya mikoko, katika mashamba ya mihogo na minazi, kwenye vichaka na nyanda za malisho, mbayuwayu wa Ulaya na keremkerem huwinda wadudu hewani. Mvua za vuli zinapotoa kumbikumbi, wawindaji wa mbali huja kuvuna. Kozi wa Amur hutoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, huvuka Bahari ya Hindi, na kupita Afrika Mashariki kwa makundi mnamo Novemba na Desemba akielekea kusini. Kozi wa kijivu anayezaliana visiwani Oman na jamaa yake wa visiwa vya Mediterania hupita wakielekea Madagaska. Kisha, ndege wa kaskazini wanapoaga, zamu hubadilika. Kuanzia Aprili, mlango wa mto Sabaki hupokea maelfu ya ndege wa Madagaska wenye mbawa ndefu, Glareola ocularis, wanaokimbia baridi ya upande wao, na msitu wa Arabuko-Sokoke hupokea ndege wa madoa kutoka kusini, Geokichla guttata, anayechakura majani makavu kivulini. Pwani hii hubeba majira ya baridi ya pande mbili za dunia. Ni sehemu chache zinazoweza kusema hivyo, na hakuna mwezi ambao mtazamaji wa hapa hukosa la kujifunza.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba kutazama ndege ni starehe ya watalii, haina mizizi katika maisha ya watu wa hapa. Ni kweli kwamba darubini ni ghali na kwamba vitabu vingi vya ndege vimeandikwa kwa lugha nyingine. Lakini kumsoma ndege ni elimu ya zamani hapa. Mvuvi hufuata kundi la ndege wa baharini linalopiga mbizi kwa sababu chini yake kuna samaki. Wahadzabe wa Tanzania huitana na ndege mwongoza asali hadi kwenye mzinga. Wakulima hutambua majira kwa ujio wa ndege fulani. Kilichokosekana ni kuyaandika maarifa hayo na kuyajumlisha, na yakijumlishwa hushinda ya wageni. Kwera wa Clarke, ndege wa Kilifi asiyepatikana popote pengine duniani, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1913, lakini viota vyake havikujulikana kwa karne nzima. Mwaka 2013 vilipatikana katika eneo la Dakatcha, na waliovipata walikuwa wanakikundi cha uhifadhi wa hapo hapo, watu wanaojua njia na madimbwi ya kwao. Kwa ndege wa kaskazi hali ni hiyo hiyo: mgeni huja kwa wiki mbili, mwenyeji huliona hori kila bamvua.

Pingamizi la pili huonekana la busara zaidi: ndege ana mabawa, tope moja likifukiwa atahamia jingine. Dhana hii imejaribiwa, kwa gharama kubwa. Mwaka 2006 Korea Kusini ilikamilisha ukuta wa bahari wa Saemangeum wenye urefu wa kilomita 33 hivi, uliofunga takribani kilomita za mraba 400 za matope na maji ya kina kifupi. Hapo ndipo palipokuwa kituo kikuu cha Calidris tenuirostris, kitwitwi mkubwa anayesafiri kati ya Australia na Siberia. Baada ya ukuta kufungwa, makumi ya maelfu yao hawakuonekana tena hapo, wala hawakuongezeka kwa kiasi hicho katika matope ya jirani, na idadi ya wale wanaopitisha msimu Australia ikashuka. Hawakuhamia kwingine. Sababu haifichiki: matope mengine huwa na ndege wake tayari, na chakula chake kina kikomo. Anayeongezwa juu yao hula kidogo, hunenepa polepole, na safari haimngoji.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Watu wa pwani wanahitaji ajira, chumvi, samaki, bandari na nyumba. Je, kaa na minyoo ya ndege itangulie mahitaji ya binadamu? Swali hili linastahili jibu la heshima, na jibu langu ni kwamba mara nyingi ugomvi huo haupo. Tope na mikoko inayomlisha ndege ndiyo inayolea kamba, kaa wakubwa na samaki wachanga ambao mvuvi atawavua kesho, na ndimo akina mama huchokoa chaza maji yakikupwa. Katika miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji. Waliosimama kuupinga hadi mahakamani walikuwa wanavijiji wenyewe, wakitetea uvuvi na mashamba yao, na mradi haukujengwa. Delta hiyo, pamoja na Mafia na Kilwa, ikatambuliwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu. Mida nako, tangu mwaka 2001, ada za wageni wanaopita kwenye daraja la mbao lililojengwa ndani ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege zimekuwa zikisaidia karo za sekondari za watoto wa familia zinazozunguka hori na msitu. Sidai kwamba kila matumizi ya ardhi ni adui. Mashamba ya chumvi yaliyo kaskazini mwa Malindi yalichukua nafasi ya mikoko, lakini madimbwi yake hupumzisha na kulisha ndege wengi maji yanapojaa. Kujua matumizi gani yanaua na yapi yanavumilika kunahitaji hesabu za miaka mingi, kabla ya mradi na baada yake. Bila hesabu, kila upande hubaki na maneno matupu, na mwenye fedha hushinda.

Na hesabu hufanya kazi. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza mwaka 1967 na hufanyika kila Januari, mwezi ambao ndege wa kaskazini wametulia na hawasafiri. Tanzania ilifanya hesabu yake ya kwanza ya pamoja ya maeneo oevu makubwa Januari 1995, na Kenya imekuwa na hesabu za Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi zote mbili ni wanachama wa mkataba wa kulinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa The Hague mwaka 1995. Kwa hesabu za namna hii, Oktoba 2024 kitwitwi wetu wa rangi ya kutu na mwenzake wa kijivu, Pluvialis squatarola, walipandishwa daraja la hatari duniani na kuingizwa miongoni mwa spishi zinazotishiwa kutoweka. Kwa hesabu hizo hizo tunajua kwamba Barr Al Hikman, nchini Oman, hubeba zaidi ya ndege nusu milioni wa tope kila msimu wa baridi, na kwamba huko spishi nyingi zimesimama imara au kuongezeka. Habari mbaya na habari njema zote zilitoka kwa watu waliosimama ufukweni na kuhesabu. Katika ramani hiyo, sehemu kubwa ya pwani yetu bado ina mapengo: mafungu na mahori mengi kati ya Lamu na Mtwara hayajapata mtu wa kuyahesabu kila mwaka.

Pengo hilo huzibwa na watu wanaoishi hapo: mwalimu na wanafunzi wake, mvuvi, mwongoza watalii, kikundi cha kulinda mikoko, mstaafu mwenye nafasi asubuhi. Chagua sehemu moja uliyo karibu nayo na uishikilie miaka mingi. Jifunze majira ya maji kwanza: ndege husongamana karibu na ukingo maji yanapoanza kupwa au yanapokaribia kujaa, na huo ndio wakati wa kuhesabu. Lipe jua mgongo, simama mbali kiasi kwamba waendelee kula, na wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja, rudi nyuma. Andika tarehe, saa, hali ya maji, spishi na idadi. Andika hata wale wa kawaida, maana kitwitwi wa kijivu naye alikuwa wa kawaida. Andika sifuri pia usipomwona ndege uliyemtarajia, kwa sababu sifuri ya miaka mitano mfululizo ni taarifa nzito. Kisha usiiweke hesabu sandukuni: ipeleke kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Nature Kenya, kwa atlasi ya ndege ya Tanzania, au kwa waratibu wa hesabu za Januari katika nchi yako. Ndege hawa hutegemea pwani yetu miezi mingi kuliko wanavyotegemea nchi walikozaliwa. Tusingoje wengine waje kutueleza kwamba wamepungua. Januari ijayo, sisi wenyewe tuwe ufukweni tukiwahesabu.